Fundi wa Mlango Mmoja na karata zangu za taroti

Kama una karata mpya na unataka zionekane zimepita mikononi mwa watu kwa miaka, mpelekee mzee mmoja mjalidi wa vitabu upande wa Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Nilimpa pakiti nzima ya karata za taroti, zile zenye picha ambazo watu hupigia ramli, zote 78, kwa ajili ya mchezo wetu wa jukwaani. Ziliporudi, mwigizaji wetu mkuu alizipokea kwa mikono miwili kabla sijamwambia chochote. Kazi ina kasoro zake na nitazitaja bila kuficha. Lakini kwa shilingi 65,000 nimeridhika, na angeomba zaidi ningempa.

Nianze na nilichokuwa nakihitaji, la sivyo sifa zangu hazitaeleweka. Mimi hushughulikia vifaa vya jukwaani: taa za chemli, masanduku ya bati, barua, redio za mbao, chochote anachoshika mwigizaji. Mchezo wetu unatokea mwaka 1928, mwaka ambao reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Mama mmoja wa Kiingereza anashuka na treni, anapanga chumba karibu na ziwa, na jioni anawapigia ramli ya karata wanunuzi wa pamba. Karata zake ni zile zilizotolewa London Desemba 1909 na William Rider & Son, zikachorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Michoro hiyo inachapishwa mpaka leo, kwa hiyo kupata pakiti mpya si shida. Niliagiza kwa intaneti, ikanifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1909 hadi 1928 ni miaka 19. Karata za miaka 19 zinazotumika kila jioni hazina sura ya hati iliyofukuliwa kaburini. Zimechafuka, zimelegea, kingo zimelainika, lakini katikati bado ni nyeupe. Huo ndio mtihani wa kazi yote, na hapo ndipo wengi wanapoanguka: wakisikia kuzeesha wanawaza rangi ya kahawia tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye ofisi ya kwanza niliyoipelekea kazi, ambayo sitaitaja. Waliziloweka kwenye chai ya rangi kisha wakazianika juani. Chai inafaa sana kwa karatasi tupu, tuseme barua au ramani, kwa sababu rangi yake inaingia kwenye nyuzi za karatasi na kukaa humo. Lakini karata za siku hizi nyingi zina utando mwembamba unaong'aa, na utando huo unakataa maji. Chai ikikosa njia usoni inaingilia ubavuni. Kingo zikafura, mstari wa kahawia ukajichora kuzunguka kila karata, na picha zikabaki na rangi zilezile za dukani. Jua nalo likazipinda, kila moja na upande wake. Baadhi zikaachia katikati, maana karata ni tabaka za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kulowekwa. Pakiti ile haikufaa hata kwa mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa.

Habari za mjalidi nilizipata kwa mtunza maktaba wa shule moja. Mzee huyu anajalidi tasnifu za wanafunzi, vitabu vya nyimbo vya kwaya, Biblia na misahafu iliyoachia kurasa. Amekaa na vitabu vilivyochoka muda mrefu sana, kwa hiyo anajua karatasi huanza kuchokea wapi. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka pakiti mezani. Hakuifungua. Aliuliza kwanza, "Mwanangu, mwenye karata hizi anatumia mkono gani?"

"Wa kulia, mzee."

"Ana mikono mikubwa?"

"Midogo. Ni mwanamke."

"Anavuta sigara? Meza yake ina kitambaa? Na akichanga, anachanga hivi au hivi?" Akanionesha kwa mikono mitupu namna mbili za kuchanga karata.

Hakuna swali hata moja lililokuwa la kupoteza muda. Karata hizi ni kubwa kuliko zile za kijiweni, zapata sentimita 7 kwa 12. Mwenye mikono midogo hawezi kuzigawa mafungu mawili na kuzichomeka moja ndani ya jingine kwa haraka. Atazishika kwa mkono wa kulia kwenye zile ncha mbili fupi, na kidole gumba cha kushoto kitazivuta chache chache kutoka juu. Basi uchafu utakaa katikati ya ncha fupi na mgongoni pale kidole gumba kinapopita. Kona zitaumia kidogo tu. Meza yenye kitambaa haikwaruzi nyuso za karata, na meza tupu inazikwaruza vibaya. Moshi wa sigara unapaka manjano kila mahali bila kuchagua. Mama wa mchezo wetu havuti, na meza yake ina kitambaa cha kufuma. Mzee akatikisa kichwa kuonesha ameelewa, ndipo akafungua pakiti.

Nilikaa nikaitazama karata ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Maji hakuyagusa kabisa. Alichukua msasa laini, ule namba 600, akauzungushia kwenye kifutio cha shule, akaupitisha usoni mwa karata kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Kila baada ya muda aliinamisha karata kuelekea mlangoni ili mwanga umwoneshe panapong'aa bado. Utando ulibadilika mbele ya macho yangu, ukatoka kwenye mng'aro wa kioo ukawa kama ganda la yai. Kwenye picha yenyewe alipita mara moja tu kwa wepesi. Kwenye ncha fupi alirudia na kurudia.

Kisha akazibana karata kwenye jiliwa lake la kujalidia na kusugua kingo zake, halafu akazitoa na kumalizia moja moja ili zisifanane. Hapa kuna hatari ambayo mtu asiyejua haioni. Karata nzuri nyingi zina gundi nyeusi kati ya karatasi mbili, ili mwanga usipenye na mpinzani asione ulichoshika. Ukizidisha msasa kwenye kingo, mstari ule mweusi unapanuka na kila mtu anajua karata imechezewa. Mzee alisimama kabla ya kufika huko, kwa kidole, si kwa jicho. Alikuwa akipapasa ukingo kila mara.

Uchafu ulikuja mwisho. Alikwangua masizi kwenye kioo cha chemli, akayachanganya na nta ya nyuki kutoka Tabora, kiasi cha kujaza ncha ya kijiti. Akapaka kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa, papo hapo akafuta kwa kingine safi. Masizi yaliondoka kila mahali isipokuwa pale msasa ulipokuwa umefungua njia. Huo ndio mwendo wa uchafu wa kweli: hauketi juu ya kinachong'aa, unasubiri pakwaruzike. Nta ina faida nyingine pia. Karata iliyopigwa msasa hung'ang'ania mwenzake, na nta inazirudishia utelezi. Mafuta ya kupikia, ambayo niliona watu wakiyasifia, hayafai hata kidogo. Yanafanya karatasi ipitishe mwanga, na doa lake halitoki milele.

Baada ya hapo alizipinda juu ya chupa ya soda, upande huu na upande ule, mpaka zikalegea. Naomba wenzangu wa jukwaani mlitilie maanani jambo hili, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Karata mpya inalia. Ukiidondosha mezani inatoa mlio mkavu, na ukichanga pakiti mpya ukumbi mzima unasikia. Karata iliyochoka inaanguka kimya na kulala palepale ilipoangukia. Mtazamaji wa mstari wa kumi haoni masizi kwenye kingo, lakini anaona karata inavyolegea ikishikwa kwa vidole viwili, na masikio yake yanamwambia kitu hiki ni cha zamani.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa fundi wa karatasi. Alisema mikono yake peke yake haitoshi, karata zitafanana na yeye. Akawapelekea vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani wakae nazo wakisubiri abiria, wachange tu, wasizikunje. Mmoja alikuwa ametoka kubeba dagaa Mwaloni, na mzee alimrudisha akanawe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa shombo likishaingia kwenye karatasi halitoki. Vijana walizipokea kwa mashaka, kisha wakaanza kuzipanga wenyewe kwa alama zake nne: vikombe wakaviita kopa, panga wakaziita shupaza, fimbo wakaziita pau, sarafu wakaziita uru. Hawakuwa mbali na ukweli. Zile 22 zilizobaki, Mjinga na Mnara na Mwezi na Jua, waliamua ni turufu, na katika mchezo wa asili kazi yake ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa Mjinga tu.

Nalisema hili kwa sababu wapo walioniuliza kama nimeleta vitu vya uganga mjini. Hata mzee aliuliza. Taroti ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, watu wakishindana mezani. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo zinatoka Misri ya kale, bila ushahidi wowote, na tangu miaka hiyo ramli ya karata ikashika kasi. Ufaransa na Austria watu bado wanazicheza kama mchezo wa kawaida. Nilimweleza mzee hivyo, akasema basi ni karatasi kama karatasi nyingine, na akaendelea na kazi. Nilimheshimu kwa kuuliza.

Sasa niseme kuhusu karata moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Waite alieleza namna ya kupanga karata kumi ambapo kwanza huchaguliwa karata moja ya kumwakilisha anayeuliza, na nyingine zinapangwa juu yake na kuizunguka. Katika mchezo wetu yule mama anamtoa Malkia wa Vikombe kila mara, hata kama anayeuliza ni mwanamume mwenye ndevu, na sababu yake inajulikana tendo la mwisho. Nilimtajia mzee hilo kwa kupita tu. Aliporudisha kazi, Malkia wa Vikombe alikuwa amechoka kuliko wenzake wote. Upande wa kulia, chini kidogo ya katikati, kulikuwa na kivuli cha kidole gumba, kijivu, kisicho na mpaka. Nyuma yake palikuwa na vivuli viwili vya vidole vinavyokutana nacho. Ukiichukua karata ile, vidole vyako vinakwenda hapo vyenyewe. Mwigizaji wetu aliacha kuitafuta kwa macho kwenye fungu. Anaijua kwa kuipapasa, na sasa anaitoa huku akimtazama mwenzake usoni. Tendo zima limebadilika kwa sababu ya sentimita chache za karatasi iliyosuguliwa.

Kasoro sasa. Migongo ya karata ameisugua sawasawa mno. Nyuso amezifikiria moja moja, lakini nyuma inaonekana ametumia nguvu moja kwa zote, na mkono wa binadamu haufanyi hivyo. Jukwaani haionekani. Tulipopiga picha za karibu kwa simu kwa ajili ya tangazo, ilionekana, nikalazimika kuchagua picha zenye nyuso tu.

Kasoro ya pili inaniuma zaidi. Pamela Colman Smith aliweka saini yake kwenye michoro, herufi zilizosukwa pamoja, ndogo, mara nyingi karibu na kona ya chini. Kwenye karata chache za Sarafu msasa umeila saini hiyo. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi silioni dogo. Mama huyu alizaliwa London mwaka 1878, utoto wake aliupitia pia Jamaika, na kabla ya karata hizi alisafiri na kundi la maigizo la Lyceum la waigizaji Henry Irving na Ellen Terry, akifanya kazi za mavazi na mapambo ya jukwaani. Alikuwa mwenzetu. Tazama karata zake nyingi utaona mstari wa sakafu ukipita mlalo nyuma ya mtu, kama amesimama jukwaani mbele ya pazia lililochorwa. Malipo aliyopata kwa kazi hiyo yalikuwa madogo, na kwa miaka mingi karata zikajulikana kwa jina la mchapishaji na la Waite bila jina lake. Saini ile ndiyo iliyobaki kumtetea. Ukienda kwa fundi, mwoneshe saini ilipo kwenye kila karata kabla hajashika msasa. Nilipomwonesha alisikitika kwa dhati, na zilizokuwa bado hazijasuguliwa akaziwekea kipande cha karatasi juu ya saini.

Ya tatu ni muda. Aliahidi Ijumaa, kazi ikatoka katikati ya wiki iliyofuata. Kwa kazi kama hii simlaumu sana, lakini kama una tarehe ya onesho, jua hivyo.

Kisanduku alikifanya vizuri kupita nilivyoomba. Karata zilizotumika hufura, fungu linakuwa nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na kisanduku cha mwanzo hakilitoshi tena. Basi alikipasua kwenye mishono miwili, kama ambavyo kingepasuka chenyewe, akakifunga kwa uzi wa kujalidia. Ndani ya kifuniko akaandika kwa wino: "Imezeeshwa Mwanza", na mwaka. Hilo ni sharti lake, hakubali kazi bila hilo. Alisema kitu kilichozeeshwa kikikaa muda mrefu, mwenye nacho akafa, watoto watakiuza kama cha kale na mtu ataibiwa bila mwizi kujua kwamba ni mwizi. Nakubaliana naye moja kwa moja. Karata za kweli za mwaka 1909 zina wakusanyaji wanaozilipia fedha nyingi, na kazi nzuri namna hii inaweza kumdanganya mtu. Kama nia yako ni kuuza, usimsumbue.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisichapishe tu karata zangu kwenye karatasi ngumu isiyo na utando, kisha nizipake chai. Mchoraji alifariki mwaka 1951, kwa hiyo Uingereza haki za michoro yake zilikwisha mwisho wa mwaka 2021, na uchapaji si tatizo. Nilijaribu kwa manila. Taa ya jukwaani inapenya, picha ya mbele inaonekana kwa nyuma, na baada ya kuchangwa kidogo kingo zinachanika badala ya kulainika. Kwa barua na magazeti sawa. Kwa karata, nunua karata.

Na ukishazipata zilizozeeshwa, zitunze. Msasa umeondoa utando uliokuwa unazikinga na unyevu, na hapa kwetu kando ya ziwa wakati wa masika hata chumvi inalowa. Zangu nilizisahau usiku mmoja wa mvua juu ya meza ya nyuma ya jukwaa, asubuhi zilikuwa zimeshikana mbili mbili. Sasa zinakaa kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, pamoja na kimfuko cha mchele mkavu.

Kibanda hakina bango. Ulizia fundi wa kujalidi vitabu, wauza madaftari wa pale watakuelekeza. Nenda asubuhi, kwa kuwa mchana anafunga kwa ajili ya kula na hana saa maalumu ya kurudi. Chukua karata na kisanduku chake, na uwe na majibu tayari: mwenye karata ni nani, anachanga vipi, meza yake ikoje, na ni karata gani anaipenda kuliko nyingine. Nusu ya malipo unatoa kwanza, nusu ukipokea. Akikwambia wiki moja, mpe mbili.